Kilicho Safi Zaidi Katika Mji wa Wageni

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake wote.



Kila Ijumaa wengi wetu huisoma Suratul-Kahf, na wengi wetu huipita aya yake ya 19 bila ya kusimama. Aya hiyo inatueleza habari za wale vijana wa pangoni pindi walipoamshwa kutoka katika usingizi wao mrefu. Baada ya kuulizana wamelala muda gani, jambo la mwanzo walilolishughulikia lilikuwa chakula. Walimtuma mmoja wao mjini akiwa na sarafu ya fedha, wakampa maagizo mawili: atazame ni chakula gani kilicho safi zaidi awaletee, na alifanye jambo hilo kwa upole na uangalifu. Walikuwa na njaa ya miaka zaidi ya mia tatu, lakini hawakumwambia alete chochote atakachokutana nacho.

Nimeikumbuka aya hiyo kwa sababu ya barua ya msomaji wetu mmoja, mama wa watoto watatu, ambaye yeye na mumewe wanajiandaa kwenda kumtembelea kijana wao anayesoma kusini mwa Marekani. Anauliza: huko tutakula nini, na tutajuaje kwamba tulichowekewa mezani ni halali? Je, tubebe chakula chetu, au tuingie migahawani kama watu wengine? Swali lake nimeona nilijibu kwa kisa cha safari yangu mwenyewe, pamoja na kosa nililolitenda ndani yake, kwani kosa hilo lilinifundisha kuliko vitabu nilivyobeba.

Miaka miwili iliyopita, wiki chache baada ya Idul-Fitri, nilimsindikiza mama yangu kwenda New Orleans, katika jimbo la Louisiana. Dada yangu mkubwa anaishi huko na mumewe na binti yao wa miaka kumi na miwili. Mama alikuwa hajamwona mjukuu wake huyo tangu alipokuwa mchanga.

Mji wenyewe hauna mfano kwa mapenzi ya chakula. Ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, ukatawaliwa na Wahispania kwa karibu miaka arobaini, kisha ukauzwa kwa Marekani mwaka 1803. Kila kundi lililopita pale liliacha chungu chake jikoni: Wafaransa, Wahispania, Waafrika waliopelekwa utumwani, Wachoctaw ambao ni wenyeji wa asili, Waitalia wa Sicily, na baada ya mwaka 1975 Wavietnamu waliokimbia vita. Mwenyeji wa New Orleans akiwa anakula chakula cha mchana utamsikia anazungumzia atakachokula usiku. Ukimuuliza njia atakuonyesha, kisha atakutajia mahali pa kula njiani.

Lakini mji huo huo ni mtihani kwa Muislamu. Pombe huuzwa waziwazi, na katika mtaa maarufu wa Bourbon watu hutembea nayo mkononi ndani ya vikombe vya plastiki. Tena nguruwe yuko mahali pengi ambapo jicho halimwoni. Soseji iitwayo andouille, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa nyama yake, hutiwa katika mchuzi wa gumbo na katika wali wa jambalaya. Mboga za majani huchemshwa na kipande chake kilichokaushwa kwa moshi. Mafuta yake huweza kuwamo katika unga wa mikate na katika karai la kukaangia. Na maharage mekundu, yanayoliwa kwa wali kila Jumatatu, kwa desturi hupikwa na mfupa wa paja lake. Husimuliwa kwamba Jumatatu ilikuwa siku ya kufua nguo. Mama wa nyumbani alibandika maharage asubuhi pamoja na mfupa uliobaki katika mlo wa Jumapili, akayaacha yaive polepole huku mikono yake ikiwa katika sabuni.

Haya ninayokueleza leo, siku ile sikuyajua.

Tulifika Jumamosi. Jumatatu mchana dada na mumewe walikuwa kazini, nami nikawatoa Mama na mpwa wangu kwenda kuutazama mji. Tulipanda tramu, tukateremka, njaa ikatushika mbele ya mgahawa mdogo wenye harufu nzuri. Ubaoni waliandika kwa chaki: maharage mekundu na wali. Moyo wangu ulifurahi. Nani katika pwani yetu asiyeujua wali kwa maharage? Nikaingia moja kwa moja hadi kwa mhudumu na kumuuliza, bila hata salamu, kama maharage yale yana nyama. Akajibu kwamba hapana, ni maharage tu. Soseji huwekwa pembeni kwa anayetaka. Nikamwambia asituwekee soseji, nikarudi mezani nikiwa nimeridhika.

Mama aliitazama sahani, akanitazama na mimi. Akasema, "Unaniambia nile, mwanangu?" Nikamjibu, "Kula, Mama. Nimeuliza." Akasema bismillahi, akala.

Tulipokaribia kumaliza, mpishi mwenyewe alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mtu mkunjufu, na alifurahi kumwona mama mtu mzima aliyevaa buibui akila chakula chake kwa hamu. Nikamsifu. Naye, kwa ukarimu wake, akatupa siri yake: mfupa wa paja la nguruwe huwekwa chunguni tangu usiku, kama alivyokuwa akifanya bibi yake, ndipo maharage huwa laini namna ile.

Mama haijui lugha ile. Ilinibidi mimi nimwambie. Aliweka kijiko chini, hakusema neno, akaenda kusukutua kinywa chake. Usiku, baada ya Isha, nilimwendea kumwomba radhi. Nikamtajia kwamba aliyekula bila ya kujua hana dhambi, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufahamisha kuwa Allah ameusamehe umma wake kwa kosa na kwa kusahau. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo nayajua, mwanangu. Lakini mimi sikumuuliza mhudumu. Nilikuuliza wewe."

Kwa siku tatu zilizofuata Mama alikula tende, mayai ya kuchemsha na mkate aliouoka dada. Hakuna aliyetoka kwenda kula. Usiku wa Jumatano, tukiwa mezani kimya, mpwa wangu akasema, "Mjomba, ndiyo maana mimi huwa siulizi. Nikiuliza shuleni naonekana mtu wa ajabu. Nisipouliza, nakula tu, na hakuna anayenitazama."

Dada yangu alinyanyua uso. Alikuwa akiamini siku zote kwamba binti yake huuliza.

Nimeamua kulisimulia hilo kwa idhini yao, kwa sababu nadhani si nyumba ile pekee yenye jambo hilo. Wazazi wengi walio ughaibuni, na hata sisi tulio hapa ambao watoto wetu husoma shule za bweni na kualikwa na marafiki, tumewafundisha watoto orodha ya vilivyoharamishwa. Hatukuwafundisha namna ya kuuliza. Mtoto asiyejua kuuliza hubakiwa na njia mbili: ajitenge na watu, au ale kimya. Na mimi mjomba wake, mhitimu wa chuo cha Kiislamu na katibu wa kamati ya msikiti, nilikuwa nimemwonyesha siku mbili tu zilizopita kwamba hata anayeuliza huishia kula kilekile.

Ijumaa tulikwenda msikitini. Baada ya Swala, shemeji alinikutanisha na mzee mmoja Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa mtaa wa Tremé, aliyesilimu katika miaka ya 1970 na kufanya kazi ya upishi katika migahawa ya mji ule mpaka alipostaafu. Nikamweleza yaliyonifika. Hakucheka. Aliniuliza nilitumia maneno gani, nami nikamtajia. Akasema, "Uliuliza swali la mtu anayetaka kujibiwa hapana."

Kisha akanieleza yaliyo nyuma ya jibu lile. Kwa mpishi wa mji wao, mfupa ule hauhesabiwi kuwa nyama. Ni kiungo, kama chumvi na kitunguu. Mhudumu hakunidanganya, alijibu kwa lugha ya jiko lake, nami nikasikia kwa lugha ya jiko la mama yangu. Pia niliuliza saa saba ya mchana, mgahawa umejaa, nimesimama njiani, bila ya kumwamkia mtu. Kusini mwa Marekani, alisema, watu huamkiana kwanza; anayeanza na swali huonekana amekuja kukagua. Nikaona haya, kwani kwetu pia hakuna anayeingia nyumba ya watu akauliza kilichomo chunguni kabla ya kupiga hodi.

Mafunzo ya mzee yule niliyaandika, na ndiyo ninayoyatoa kwa mama yetu aliyeuliza.

Kwanza, uanzie msikitini. Katika mji wowote wenye Waislamu, saa moja baada ya Swala ya Ijumaa hukupa habari za chakula ambazo hutazipata kwenye mabango ya watalii. Utaambiwa nani anachinja, nani anauza nyama ya uhakika, na mgahawa gani umebadilisha mwenyewe tangu mwaka jana. New Orleans na viunga vyake, hasa Metairie, ina Wapalestina na Waarabu wengine wenye migahawa na maduka ya vyakula. Hata huko uliza nyama inatoka wapi, kwani mwenye duka kuwa Muislamu hakutoshi kuwa jibu.

Pili, uende wakati jiko limetulia, baina ya saa nane na saa kumi na moja alasiri, au upige simu mapema. Mpishi aliyetulia atatoka akuambie ukweli. Aliyebanwa atakujibu neno moja.

Tatu, usiulize kama mna nyama. Jitambulishe, useme usichokula, kisha uulize chungu kilianza na nini. Supu ya msingi ni ya mifupa gani? Unga uliokaangwa ukawa kahawia, ambao ndio unaoupa mchuzi wa gumbo rangi yake, ulikaangwa kwa mafuta gani? Karai hili hukaanga kitu gani kingine? Je, kuna mvinyo katika rojo la samaki, au romu katika ndizi za kumalizia mlo? Ndizi hizo, zinazojulikana kwa jina la Foster, zilibuniwa katika mji huo huo, nazo huwashwa moto kwa pombe mbele ya mlaji.

Nne, na hili ndilo alilolisisitiza, umalizie kwa kuomba ushauri: wewe ungenipikia nini? Hapo mpishi huacha kuwa mtuhumiwa, akawa mwenyeji wako.

Tano, usikae mahali ambapo meza yako na meza ya pombe ni moja. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametukataza kukaa katika meza inayozungushwa ulevi. Sehemu nyingi nzuri za mji ule ni vibanda na maduka ya kununulia na kuondoka. Nunua, uende na watoto wako ukingoni mwa ziwa Pontchartrain au katika bustani kubwa ya mji, chini ya mialoni ya miaka mamia ambayo matawi yake yanagusa ardhi. Mama anasema mpaka leo kwamba hajapata kula mahali penye kivuli kizuri kuliko pale.

Sita, ukihudumiwa mezani, ujue kwamba bakshishi ya asilimia kumi na tano hadi ishirini ni desturi inayotarajiwa, kwa sababu mshahara wa mhudumu hutegemea hiyo. Aliyekuulizia jikoni mara tatu ana haki ya kushukuriwa kwa mkono.

Ama upande wa fiqhi, bahari imetupa wasaa mkubwa. Katika Suratul-Maida, aya ya 96, tumehalalishiwa mawindo ya bahari, na Louisiana ni nchi ya maji. Kuna kamba wa Ghuba ya Meksiko, chaza, samaki mwekundu na kambare. Sisi tulio katika madhehebu ya Imam Shafi tunavila hivyo bila ya tabu, ilhali ndugu zetu Mahanafi hawali katika viumbe vya majini ila samaki, na wana mjadala juu ya kamba. Hata hivyo wasaa huo una mipaka. Aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi anajua kwamba kiumbe kinachoishi nchi kavu na majini, kama chura na kaa, hakiliwi. Na New Orleans miguu ya chura ni kitoweo, kaa hutiwa katika gumbo, na mamba hukaangwa vipande vipande wakauzwa kwa watalii.

Lipo pia jambo la wale kamba wadogo wa maji baridi, wanaofanana na kambakoche, ambao katika miezi ya machipuko huchemshwa kwa magunia na kumwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti. Makazi yao ni majini, lakini huweza kutambaa nchi kavu. Mimi niliona shaka nikawaacha, kwa kufuata ile hadithi mashuhuri ya kujiepusha na yenye kutatiza. Shemeji yangu, aliyesoma kwa walimu wa Kimaliki, aliwala kwa kauli ya madhehebu hayo, kutoka chungu cha Waislamu wenzake kisichoingia soseji. Tulikaa meza moja na hatukugombana.

Na vyombo je? Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani alimuuliza Mtume suala hilo hilo: tunaishi na Watu wa Kitabu, wanapika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa ulevi katika vyombo vyao. Akaelekezwa kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo, na wasipopata wavioshe kisha wavitumie. Tazama kwamba Sahaba hakuona aibu kuuliza, na hakuambiwa ahame. Kuhusu nyama iliyochinjwa na Watu wa Kitabu kwa mashine za zama hizi, wanazuoni wamekhitalifiana, nami sitahukumu baina yao katika safu hii. Nyumbani kwa dada yangu wameshika tahadhari, wakamwacha kuku na ng'ombe wa mgahawani, wakabaki na samaki.

Jumamosi mzee yule na mkewe walitualika nyumbani kwao Tremé. Jambo la kwanza nililoliona mezani ni maharage mekundu na wali. Mama akanitazama. Mzee akacheka safari hii, akaeleza kwamba yeye hutia shingo za bata mzinga aliyechinjwa kihalali na kukaushwa kwa moshi, na kwamba Waislamu wa mji wao wamekuwa wakipika hivyo kwa miaka. Mkewe alituletea pia vidonge vya mchele viitwavyo calas: wali uliopondwa, unga, mayai, sukari na kungumanga, vikakaangwa na kunyunyiziwa sukari ya unga. Mama alikishika kimoja, akakigeuza, akasema kwamba hivi ni vitumbua, ila vimesahau nazi.

Mzee akatueleza habari zake. Zamani calas ziliuzwa barabarani na wanawake Weusi, watumwa na walio huru. Wakati wa utawala wa Wahispania, sheria ilimruhusu mtumwa kujinunua, na baadhi ya wanawake walikusanya senti za calas mpaka wakajikomboa wao na watoto wao. Mchele wenyewe ulilimwa na mikono iliyojua kuulima, kwa sababu wengi wa Waafrika waliopelekwa Louisiana zama za Wafaransa walitoka Senegambia, nchi ya wakulima wa mpunga. Jina la gumbo nalo huunganishwa na neno la Kibantu la upande wa Angola, lenye maana ya bamia. Kwa hiyo ukila mchuzi ule wa bamia unatamka neno la binamu wa Kiswahili. Siku hizi mizizi hiyo imeanza kutajwa kwa heshima: mgahawa wa Kisenegali uitwao Dakar NOLA, wa mpishi Serigne Mbaye, ulitunukiwa tuzo ya James Beard ya mgahawa mpya bora wa Marekani mwaka 2024.

Kisha mzee akasema jambo lililotunyamazisha. Miongoni mwa wale Wasenegambia walikuwemo Waislamu. Walikuwa na majina kama yetu na swala kama zetu. Na katika mashamba ya kusini, posho ya mtumwa ilikuwa mahindi na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. "Wao hawakuwa na nafasi ya kuuliza kilichomo chunguni," alisema, akimtazama mpwa wangu. "Wewe ukiuliza, unauliza kwa ajili yao pia."

Mtoto hakujibu kitu. Alikula calas yake.

Jumapili alasiri, siku mbili kabla ya kuondoka kwetu, tulikwenda mgahawa wa samaki karibu na ziwa, saa tisa, watu wakiwa wachache. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, niachie." Alimwamkia mhudumu kwanza, akamuuliza hali yake. Akasema sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe wala kilichopikwa naye, wala kilichotiwa pombe; na kwamba bibi yake ametoka Afrika na angependa aonje samaki wa Louisiana. Akauliza kama mpishi angeweza kuwashauri.

Mhudumu hakumwona wa ajabu. Alikwenda jikoni akarudi na mpishi. Yule bwana alieleza kwa ukweli: gumbo isiwe, ina andouille, kamba wa kukaanga wasiwe, karai lake hukaanga na soseji, kamba wa kuchemsha nao wasiwe, kwa sababu hiyo hiyo. Lakini angeweza kumwoka samaki mwekundu mzima ndani ya karatasi ya foili, kwa siagi, ndimu na vitunguu saumu, asiguse chombo kingine, pamoja na viazi vilivyookwa vivyo hivyo. Mtoto akamshukuru, akasema tutasubiri.

Samaki alipoletwa, Mama hakunitazama mimi. Alimgeukia mjukuu wake. "Unaniambia nile, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Bibi. Nimeuliza mpaka karatasi aliyofungiwa."

Mama akasema bismillahi, akala. Nami, Allah ni shahidi, sikumbuki chakula kitamu kuliko kile, ingawa hakikuwa na zaidi ya ndimu na siagi.

Kwa hiyo, mama yetu uliyetuandikia, nenda umwone kijana wako, na ingieni migahawani. Bebeni tende kwa dharura, si kwa hofu. Aya niliyoanza nayo ina maagizo mawili, na vijana wa pangoni hawakutenganisha. Wapo wanaotafuta kilicho safi kwa ukali, wakawakimbiza watu na watoto wao wenyewe. Wapo walio wapole mno hata wakaona haya kuuliza, wakala walichopewa. Ni kweli kwamba upole uliokusudiwa katika aya ile ulikuwa pia hadhari, kwani wale vijana walihofia maisha yao. Sisi hatuna hofu hiyo. Tumebakiwa na ulaini wa kauli tu, na huo hauna gharama.

Ila kabla hamjaondoka, mfanye zoezi moja nyumbani. Waketisheni watoto, mmoja awe mhudumu, mwingine awe mgeni, wajifunze kuamkia, kujitambulisha, kuuliza, na kushukuru hata pale jibu linapokuwa kwamba hakuna kitakachowafaa. Mtoto aliyelizoea hilo mezani kwenu ataliweza popote.

Dada yangu ananiandikia kwamba binti yake sasa huuliza shuleni, na kwamba rafiki zake wawili wasio Waislamu humtangulia kumuulizia.

Tunamwomba Allah aturuzuku vilivyo halali na vizuri, atutakabalie dua zetu, na awahifadhi watoto wetu popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.